UZI: Dawa za Kichina na magonjwa ya kinga kujishambulia. Ukiambiwa "inaongeza kinga", simama kwanza

#1 Mfamasia wa Langoni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Uzi ni mrefu, vuteni kahawa.

Siku hizi hapa Amu (Lamu) hupiti Usita wa Mui, barabara yetu kuu, bila kuoneshwa dawa ya Kichina. Vidonge vya kusafisha damu, chai ya ini, mafuta ya mgongo, poda ya kuongeza kinga. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake, na nyingi ya bidhaa hizo zinaumiza mfuko tu. Ugomvi wangu ni pale poda ya kuongeza kinga inapouziwa mgonjwa wa lupasi (kinga kushambulia ngozi, viungo hata figo), au wa soriasisi ya ngozi, au wa ile baridi yabisi mbaya inayovimbisha vifundo vya mikono yote miwili na kupinda vidole. Mtu huyu kinga haijampungukia. Kinga yake ndiyo inayomla. Sasa unamwongezea ili iweje?

Niruhusuni nieleze kinachotokea ndani ya seli, maana bila hapo tutabaki kubishana kwa majina ya dawa.

Kila siku mwili hutengeneza seli za kinga ziitwazo seli T. Hukomaa ndani ya tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, thaimasi, na humo hupimwa: inayoonekana kushambulia nyama ya mwenyewe huuliwa kabla haijatoka. Lakini uchujaji huo haukamiliki, chache hupenya. Zikipenya, mbona wengi wetu hatuugui? Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionesha kwamba ziko seli T za aina nyingine ambazo kazi yake ni kuzituliza zile kali. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, kule Marekani, wakaipata jeni ya Foxp3 kwa panya waliokuwa wakizaliwa wagonjwa, na baadaye ikabainika kuwa jeni hiyo ndiyo inayozifanya seli za kutuliza ziwe vile zilivyo. Wote watatu walipewa Nobel ya tiba mwaka 2025.

Seli za kutuliza zikiwa dhaifu, zile kali hupata uwanja. Seli T za kundi la Th17 humwaga interlukini 17, makrofaji (seli za kinga zinazomeza takataka) humwaga TNF na interlukini 6, zote kemikali za kuamsha uvimbe, na kifundo huvimba. Ndani ya seli hizo ipo protini iitwayo NF-kB. Kwa kawaida huwa imefungiwa nje ya kiini. Ikifunguliwa huingia ndani na kuziamsha jeni za uvimbe kwa mkupuo. Kwenye lupasi kuna balaa la ziada: seli zinapokufa, mabaki yake hayazolewi upesi. DNA iliyokuwa imefichika hubaki nje, seli B huitengenezea kingamwili, na mchanganyiko huo wa kingamwili na DNA huenda ukanasa kwenye figo. Ndiyo sababu mgonjwa wa lupasi hupimwa mkojo hata kama aliyokuja nayo ni maumivu ya vidole tu.

Tuje kwa Wachina. Mmea wao wenye ushahidi mzito kuliko mingine kwa baridi yabisi ni mti mtambaa uitwao lei gong teng, kwa jina la kisayansi Tripterygium wilfordii. Mwaka 2015 madaktari wa China walichapisha jaribio la wagonjwa 207 lililochukua wiki 24. Kundi la kwanza lilipewa methotreksati, dawa ya kawaida ya hospitali kwa baridi yabisi, la pili dondoo ya mmea huo, la tatu vyote viwili. Waliopata nafuu ya nusu au zaidi kwa vipimo vya viungo walikuwa asilimia 46.4 kwa methotreksati, 55.1 kwa mmea, na 76.8 kwa vyote pamoja. Dosari yake ni kwamba mgonjwa na daktari wote walijua nani anameza nini, na hilo huwa linapendezesha majibu. Hata hivyo si namba za kupuuza.

Nguvu yake iko wapi? Iko kwenye kitu kiitwacho triptolaidi. Mwaka 2011 ilionekana kwamba triptolaidi hujishika kwenye protini ya XPB, mojawapo ya sehemu za mtambo ambao seli hutumia kunakili jeni zake. Mtambo ukikwama, TNF haitengenezwi, NF-kB hata ikiingia ndani ya kiini haina la kufanya, seli T hazizaani na nyingine hufa. Hapo ndipo ninapotaka mshike: haikuongeza chochote. Imezima.

Na kwa kuwa kila seli inayogawanyika upesi inautegemea mtambo huohuo, madhara yanafuata njia ileile: uboho, utumbo, mbegu za mwanamume, mayai ya mwanamke. Hedhi hukatika, na kwa baadhi hairudi. Ini na figo nazo huumia. Kinachotumika ni moyo wa mzizi uliomenywa. Ganda lake, majani na maua ni sumu iliyokwisha kuua watu.

Kwa hiyo, ukiambiwa "hii ni ya miti tu, haina kemikali", jua anayekuambia ama hajui anachouza ama anajua.

---

#2 Jahazi la Siyu

Wa aleikum salaam. Bi Mfamasia umesema kisomi lakini mimi nina neno.

Sisi watu wa Pate Wachina hatukuwajua jana. Wazee wetu wasema kuna mabaharia wao waliozama upande wa Shanga wakaoa kwetu. Mwaka 2005 binti wa Siyu akapewa nafasi kwenda Nanjing kusomea tiba ya Kichina kwa sababu ya hadithi hiyohiyo. Sarafu ya mfalme wao Yongle imechimbuliwa Mambrui mwaka 2010 na nyingine Manda mwaka 2013. Twiga aliyetumwa kutoka Malindi alifika kwao mwaka 1415. Watu hawa watibu maelfu ya miaka, leo mwawafanya wachuuzi wa uongo?

Halafu mamangu alikuwa hashuki ngazi kwa goti. Kapigwa sindano za Kichina Mombasa, leo ashuka na kupanda. Seli zake sikuziona, lakini mama namwona.

---

#3 Mfamasia wa Langoni

Ndugu yangu wa Siyu, mama Mungu amzidishie afya. Goti moja la mtu mzima aghalabu ni gegedu iliyolika, si kinga kujishambulia, na sindano zile zinaweza kutuliza maumivu. Sijazigusa. Ninachozungumza ni mtu wa miaka 20 na kitu anayeamka asubuhi vidole havikunjiki kwa saa nzima, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa.

Na Wachina siwadharau. Dawa ya malaria tunayomeza sote hapa, ile ya kumeza na chakula mara mbili kwa siku tatu, msingi wake ni artemisinini, na hiyo imetoka kwao. Tarehe 23 Mei 1967 serikali yao ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa ajili ya tarehe hiyo. Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale. Mmea wa qinghao ulikuwa ukitoa majibu leo, kesho hautoi. Akarudia maandishi ya tabibu Ge Hong, wa karne ya 4, yaliyosema mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Hakusema uchemshwe. Tu akafikiri huenda moto ndio unaoiharibu, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na dondoo ile ikaua vimelea kwa panya na nyani. Baada ya hapo yeye na wenzake wakajinywesha wenyewe kwanza. Nobel ilikuja 2015.

Tazama alichofanya. Kitabu cha kale kilimpa dokezo. Kisha alipima, akatenga kilichomo, akajua kipimo, akajua sumu yake. Anayeuza poda kwenye mfuko usio na jina hajafanya hata moja la hayo, na kumtaja Tu Youyou hakumsaidii.

Kwa faida yenu: artemisinini na jamaa zake zinachunguzwa pia kwa lupasi, kwa sababu hupunguza kelele za seli B na za Th17. Zinachunguzwa tu. Asije mtu akaanza kumeza dawa ya malaria kila wiki kwa ajili ya viungo, tukaishia na vimelea sugu pwani nzima.

---

#4 Binti Shela

Nimesoma mpaka macho yameuma. Mimi nina lupasi.

Ilianza na mashavu kuwa mekundu, nikadhani jua. Shela unajua jua lake, juu ni jua na mchanga nao unakurudishia. Halafu nywele, halafu vidole, halafu uchovu ambao ukilala hauishi. Nilizunguka sana kabla sijapata jina la ugonjwa. Damu yangu ilipelekwa Nairobi. Sasa natumia haidroksiklorokwini na prednisoloni, ile steroidi ya kuzima uvimbe. Uso umekuwa mviringo, shoga zangu wanasema maashallah umenenepa, nami nacheka tu.

Muuzaji mmoja (simtaji) aliniambia niache zote mbili, nianze mtungi wake wa miezi mitatu, maana "hospitali wanakupa dawa ya malaria na wewe huna malaria". Kusema kweli hata mimi hilo lilinitatiza. Dawa ya malaria inatibu nini kwangu? Na habasoda na manjano je? Bibi yangu hanielewi nikikataa habasoda.

---

#5 Mfamasia wa Langoni

Dada, kwanza: prednisoloni usiiache ghafla kwa maneno ya mtu yeyote, hata mimi. Ukiitumia kwa muda, tezi zilizo juu ya figo zako huacha kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikata siku moja, presha inaweza kushuka, ukatapika, ukaanguka. Hupunguzwa kidogokidogo, na daktari.

Pili, swali lako la malaria ni zuri sana. Wakubwa humu mwaikumbuka klorokwini na muwasho wake usiku kucha, kabla Kenya haijaiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 kwa sababu vimelea viliizoea. Haidroksiklorokwini ni ndugu yake. Ukoo wao unaanzia kwa kwinini, iliyotoka kwenye gome la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini. Kwinini nayo ni dawa ya miti, basi! Ndani ya seli haidroksiklorokwini ina kazi isiyohusu malaria kabisa. Kila seli ina vifuko vyenye asidi vya kusagia takataka, huitwa lisosomu. Dawa hii huingia humo ikapunguza ile asidi. Humo na kwenye vifuko jirani ndimo zilimo protini zinazonusa DNA na RNA, TLR9 na TLR7. Kwa mwenye lupasi zinanusa mabaki ya seli zake mwenyewe na kudhani ni virusi, zikaamrisha interferoni, kemikali ya kuamsha kinga, imwagwe. Asidi ikipungua, pua hizo zinaziba. Haiui kinga, ndiyo sababu ni dawa ya upole na wagonjwa wa lupasi hushauriwa wadumu nayo. Kipimo kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, na macho yapimwe, kwa sababu miaka ikizidi inaweza kuharibu retina.

Jua ni kweli kabisa. Miale yake huua seli za ngozi, mabaki yanaongezeka, mzunguko unaanza upya. Baibui lako ni dawa hapo. Uso na mikono pakaa krimu ya kuzuia jua.

Habasoda na manjano ya jikoni, kwenye mchuzi na maandazi, kula na bibi afurahi. Vidonge vyake vyenye nguvu ya mkupuo ni jambo jingine, usivianze kimyakimya. Vya kuepuka kabisa kwa mwenye lupasi ni ekinasia, spirulina na machipukizi ya alfalfa. Hayo ya mwisho yana asidi amino iitwayo kanavanini iliyowahi kuamsha dalili za lupasi hata kwa nyani. Na jihadhari na likorisi, ule mzizi mtamu ambao Wachina huutia karibu kila mchanganyiko. Ukizidi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Wewe tayari uko kwenye prednisoloni, ambayo nayo hufanya hivyohivyo.

---

#6 Kliniki Malindi

Nafanya kazi huku Malindi, niongeze yangu.

Dawa "ya miti" inayomtoa mtu kitandani kwa siku tatu mimi inanitia hofu kuliko isiyofanya kitu. Lei gong teng yenyewe huchukua wiki kadhaa. Methotreksati wiki kadhaa. Kinachoondoa uvimbe kwa siku mbili tatu ni steroidi, na mara nyingi imesagwa humo bila kuandikwa, deksamethasoni hasa, pengine na diklofenaki, dawa ya maumivu, juu yake. Nchi nyingi zimepima dawa za asili za viungo zikakuta hayo. Mgonjwa anasifu, analeta na jirani. Baada ya miezi uso unavimba, michirizi ya zambarau tumboni, sukari inapanda. Dawa ikiisha dukani anaanguka, na ndugu wanasema karogwa.

La pili ni figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Brussels, kliniki ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mmea wa Kichina. Uliotakiwa ulikuwa Stephania tetrandra, ambao Wachina huutumia pia kwa viungo. Kilichokuwemo kilikuwa Aristolochia fangchi. Kwa Kichina yote miwili huitwa fang ji. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka baadaye. Asidi iliyomo ndani ya Aristolochia hujishika kwenye DNA ya seli za figo na haitoki. Sasa chukua mgonjwa wa lupasi ambaye figo zake tayari ziko hatarini, umwongezee hiyo.

---

#7 Mpiga Chuku wa Mkomani

Wanangu, salaam.

Mimi hupiga chuku, yaani kuumika watu kwa pembe, kazi ya babu zangu. Nimewasikiliza. Wachina wana maradhi wayaitayo bi, maana yao kitu kimeziba: upepo, baridi na unyevu vimeingia mwilini vikaziba njia. Sisi wazee wetu walisema vivyo hivyo, baridi imeingia mifupani, na kila kusi likivuma watu huja kwangu mikono imekaza. Chuku nao wanazo. Kwa hiyo mtu wa Amu akielezwa na Mchina hukubali upesi, kwa sababu ni lugha ya kwao. Akienda hospitali huambiwa namba za damu na dakika tano zimekwisha.

Nami nawaambia, dawa za hospitali si maji ya Zamzam. Nimezika mtu aliyekuwa akitumia vidonge vya viungo vya hospitali.

Lakini mgonjwa akinijia, kijana, viungo vyavimba na mkojo watoa povu, mimi simshiki. Namwambia nenda hospitali ya King Fahd ukapimwe, chuku si lako.

---

#8 Kliniki Malindi

Mzee, heshima yako. Kuhusu vidonge hivyo umesema kweli. Methotreksati kwa baridi yabisi humezwa MARA MOJA KWA WIKI, na foliki asidi. Wako wanaoimeza kila siku kama dawa nyingine, midomo inachanika, uboho unakufa. Kosa hilo limeua watu duniani kote na linaendelea kuua. Chagueni siku, Ijumaa kwa mfano, iandikwe kwenye boksi kwa kalamu nene.

Na la dakika tano sina la kujitetea.

---

#9 Kijana wa Faza

Nasomea baiokemia chuo kikuu, niruhusuni wakubwa zangu.

Ukiingia kwenye majarida utakuta maelfu ya makala za mimea ya Kichina na seli: huu unashusha NF-kB, huu unaongeza seli za kutuliza, huu unaamsha otofaji (seli kujila sehemu zake chakavu, kazi iliyompa Yoshinori Ohsumi Nobel ya 2016). Nyingi ni seli kwenye kisahani au panya. Kisahani hakina ini wala figo. Ukimwaga dawa ya kutosha juu ya seli, karibu kila kitu kitashusha NF-kB, hata kurkumini ya manjano, ambayo ukiimeza kidogo sana ndiyo hufika kwenye damu. Siku hizi kuna na za kompyuta tupu: mtu anaorodhesha kemikali za mimea kumi, programu inamchorea mtandao wa mistari, makala imetoka. Mimi sizihesabu.

Zile zilizonishawishi ni chache. Mizizi ya peoni nyeupe, bai shao: dondoo yake iliidhinishwa China mwaka 1998 kwa baridi yabisi. Ni ya taratibu, inaharisha, nguvu zake ndogo, sumu yake ndogo. Sinomenini, kutoka mti mtambaa mwingine, wanaitumia pia kwa viungo.

Kisa ninachokipenda ni cha fingolimodi. Kuna kuvu wanaoota juu ya wadudu, na Wachina tangu zamani huwatumia wa jamii hiyo kama dawa ya kuongeza uhai. Mtafiti wa Kijapani Tetsuro Fujita na wenzake walitoa kwenye kuvu mmoja, Isaria sinclairii, kitu kinachozima kinga. Wakakibadilisha mpaka kikawa fingolimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa kinga kushambulia ala za neva. Haiui seli T. Huzifungia ndani ya matezi: kipokezi ambacho seli hukitumia kunusa njia ya kutokea humezwa ndani, nayo seli inabaki humohumo, haifiki kwenye ubongo. Yaani kuvu wa jamii iliyouzwa karne nyingi kwa "kuongeza nguvu", ukiwachunguza, dawa inayotoka kwao ni ya kuzuia kinga. Bi Mfamasia, nadhani nimekupa ushahidi.

Na nili pia, ile ya kutilia nguo rangi. Wachina huiita qing dai. Japani waliijaribu kwa wagonjwa 86 wenye vidonda vya utumbo mpana vya kinga kujishambulia, ikachapishwa 2018, na ilisaidia wengi kuliko kidonge tupu kisicho na dawa. Lakini jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, maana mtu mmoja aliyekuwa akiinunua mwenyewe nje ya utafiti alipata presha kubwa ya mishipa ya mapafu.

---

#10 Mfamasia wa Langoni

Kijana wa Faza, umenipa na nyongeza. Maliza chuo urudi huku.

Mzee wetu wa Mkomani, nashukuru kwa hilo la povu. Lau wapiga chuku wote wangekuwa na mpaka kama wako.

---

#11 Jahazi la Siyu

Haya. Nimekaa kimya tangu asubuhi kwa sababu nilikwenda kuangalia kitu.

Nina binti wa dada yangu, miaka 24, ana baridi yabisi ya aina mliyoisema, vidole vya mikono yote. Tangu kaskazi atumia vidonge aliletewa na mtu kutoka safari. Amepata nafuu kweli, hata kusuka ukili amerudia. Chupa ina Kichina kitupu. Nimeipiga picha nikaiweka kwenye simu itafsiri, imeandika "mzabibu wa mungu wa radi". Nikacheka. Halafu nikazinakili zile herufi: 雷公藤.

Ndiyo hiyo?

---

#12 Mfamasia wa Langoni

Ndiyo hiyo hasa. Lei gong teng.

Muulize dada yako amuulize binti, wewe mjomba usimuulize: hedhi yake ikoje?

---

#13 Jahazi la Siyu

Dada yangu asema imekata. Binti alifurahi, akadhani ni nafuu nyingine.

---

#14 Mfamasia wa Langoni

Sawa. Hakuna wa kumlaumu, na nafuu aliyoipata ni ya kweli. Ila dawa hii kwa msichana anayetaka kuzaa siyo ya kuanzia, hata China wanajua. Kadiri alivyoitumia kwa muda mfupi na umri wake ulivyo mdogo, uwezekano wa hedhi kurudi ni mkubwa. Akiendelea unapungua.

Leo asimeze tena hicho. Kama kuna kidonge kingine anachotumia, hasa prednisoloni, hicho asikiguse mpaka aonwe. Na ikiwa uso umemvimba au alipata nafuu kwa siku mbili tatu tu, niambie usiku huu, maana huenda ndani ya chupa kuna steroidi pia, na hapo kuacha ghafla ni hatari. Nitakuelekeza tofauti.

---

#15 Jahazi la Siyu

Uso hauna kitu. Nafuu ilikuja baada ya mwezi na ushei. Kidonge kingine hana, ni panadol tu.

Lakini Bi Mfamasia, akiacha vidole si vitarudi vilevile? Na huko hospitali si watampa ile methotreksati, nayo si yazuia uzazi?

---

#16 Kliniki Malindi

Naomba nijibu hili. Vitarudi, ndiyo, ndani ya wiki chache, kwa hiyo asiachwe bila kitu. Methotreksati haitumiki kwa mwenye mimba au anayetafuta mimba. Huachwa miezi kadhaa kabla. Lakini haimharibii mayai kama hiyo anayomeza. Na kama ndoa iko karibu kuna njia nyingine: haidroksiklorokwini na sulfasalazini hutumika hata kwenye ujauzito. Amwambie daktari mapema kuwa anataka watoto, asingoje kuulizwa.

---

#17 Binti Shela

Mimi pia sikuulizwa mpaka niliposema mwenyewe. Jahazi, mwambie aseme. Akitaka mtu wa kwenda naye nipo.

---

#18 Mfamasia wa Langoni

Jahazi, boti ya asubuhi kutoka Mtangawanda mje nayo. Mje na chupa yenyewe, na kikaratasi cha ndani kama kipo, msikitupe. Apimwe damu nzima kwa ajili ya uboho, ini, figo, na mkojo. Apimwe na mimba pia, kwa sababu hedhi iliyokata ina zaidi ya sababu moja, na dada yako alijue hilo kabla ya kufika ili pasiwe na maneno pale dirishani. Karatasi ya maelezo kwa daktari nitawaandikia mimi. Nafungua saa mbili.